Nilimkataza Mdogo Wangu Kuzubaa

Msinionee huruma. Nilikosa, tena kwa makusudi, watu wakinitazama. Anayetaka kunitukana anitukane, mimi mwenyewe nimeshajitukana hadi matusi yameniishia.

Nina kibanda cha kushona nguo hapa Lindi, Mtanda. Nilikuwa nafanya kazi na mdogo wangu wa tumbo moja, tumwite Zuhura. Mimi ni fundi wa sare za shule na mashuka. Yeye ndiye alikuwa anabuni magauni ya maharusi. Bibi harusi akitoka amevaa kazi yake, ukumbi mzima unanyamaza.

Lakini alikuwa na tabia yake. Kila siku akishaswali adhuhuri, anatoka nyuma ya kibanda, anakaa kwenye mkeka, anakodolea ukuta. Hasinzii, hashiki simu. Anazubaa tu! Ukimuuliza, anakwambia, "Dada, natafuta gauni." Akirudi ndani anachukua mkasi na kukata kitambaa moja kwa moja, hasiti.

Nilijua uzuri wa kazi yake unatoka kwenye kule kuzubaa. Ndiyo, nilijua! Ila roho ilikuwa inaniuma kumwona mtu amekaa halafu anasifiwa, na mimi nimepinda mgongo kwenye cherehani toka asubuhi, hakuna anayeniuliza hata jina.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Sudi na binti yake anayetaka kuolewa. Akauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?"

Fundi mwenyewe! Na mimi nimesimama mbele yake!

Nikaenda nyuma, nikachota maji kwenye ndoo, nikammwagia Zuhura kichwani.

"Amka, mvivu wewe! Wenzio wanafanya kazi, wewe unaota!"

Yule mama akacheka. Binti yake naye akacheka. Nikajiona nimeshinda. Zuhura akakamua mtandio wake, akasema taratibu, "Dada, niachie muda huu tu. Mwingine wote chukua."

"Kwangu hakuna muda wa bure," nikamjibu.

Kuanzia hapo, adhuhuri ikifika namtupia rundo la kazi: kashone vifungo, kapinde, kapige pasi. Hakubisha. Ila magauni yake yakaanza kufanana. Yule mama wa Sudi alipokuja kuchukua la binti yake, akaligeuza huku na huku akasema, "Si bora ningenunua dukani?" Wateja wakaanza kupotea. Unajua nilimwambia nini Zuhura? Kwamba ameishiwa! Astaghfirullah!

Akaondoka, akamfuata mumewe shambani kwenye mikorosho. Hata stendi sikumsindikiza.

Kisha mwanangu wa kike akapata mchumba. Akasema, "Mama, gauni langu atashona mama mdogo, si mwingine." Nikafunga safari na kitambaa mkononi. Zuhura alinipokea vizuri: "Shikamoo, dada." Nikamwomba msamaha, akasema yameisha. Akakipokea kitambaa kwa furaha kabisa.

Baada ya kuswali akatandika mkeka, akakaa. Mimi nikajibanza kando, sithubutu hata kukohoa. Haukupita muda akaanza kugeuka kutazama mlango. Akageuka tena. Mwisho akasimama.

"Siwezi, dada. Nikitulia kidogo tu, moyo unakwenda mbio. Naona kama mtu anakuja."

"Niko hapa, mdogo wangu. Sikufanyi kitu."

"Najua. Lakini mwili wangu haujui."

Akakikunja kile kitambaa vizuri, akanirudishia. Jamani! Nililia njia nzima.

Mwanangu akaniuliza kwa nini mama mdogo amekataa. Nikamweleza yote, hata yale maji. Akaolewa amevaa gauni la kukodi, na mpaka leo akija huku anafikia kwa Zuhura. Kwangu anapita kusalimia tu, hata kuketi hataki.

Sasa nyinyi wenye nyumba na wenye vibanda, mnaodhani kila aliyekaa kimya anawaibia, nawaambia mkome! Na msiniletee ile ya "nilikuwa namtania." Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Ukimkuta mtu anatazama ukuta, si lazima umwelewe. Funga mdomo wako, upite.