Fundi Aliyeshindwa Kukalia Kiti Chake

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anatengeneza makochi, na watu humwita Mizani. Mtaani kuna maneno yanazunguka kwamba viti vyake vina ugonjwa. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii sasa, na nilikuwepo, kwa hiyo nitaeleza yalivyokuwa, hata kama itabidi niguse sehemu ya mwili ambayo kwetu haizungumzwi mbele ya wageni.

Jina lenyewe alilipata kwa sababu ya sehemu hiyo. Tangu afungue karakana yake, kiti hakitoki mlangoni kabla hajakikalia mwenyewe. Hujishusha taratibu kama kuku anayerudi kwenye mayai, akafumba macho, akaegemea kushoto, akaegemea kulia, kisha akatoa hukumu: "Springi ya nyuma imelegea." Wakifungua, kweli imelegea. Mafundi wengine wana futi na pima maji; yeye alizaliwa na kipimo chake. Marehemu mume wangu, ambaye alikuwa mkaguzi wa shule, alizoea kusema kwamba kila mtu katika ukoo wao alijaliwa akili, ila ya mdogo wake ilishuka chini kidogo. Alisema kwa mapenzi.

Jambo jingine, Mizani hatupi kitu. Vipande vya kitambaa vinavyobaki, chekundu, cha maua, cha mistari, huviunga vikawa mito, na mito hiyo inapendwa kuliko makochi yenyewe. Kwa bahati mbaya mwili wake nao aliutibu kwa mtindo huo. Akiandikiwa dawa hospitali, hunywa mpaka apate nafuu, na zinazobaki huzitia kwenye kopo la misumari. Akiugua tena, anachota humo: vidonge viwili vya njano, kimoja chekundu kwa cheusi, nusu ya kile cheupe kikubwa.

"Dawa ni dawa, Shemeji," aliniambia nilipomkanya. "Ugonjwa wenyewe haujui kusoma pakiti."

Basi akapata uvimbe kwenye kipimo. Mimi nasema uvimbe. Binti yangu, ambaye yuko maabara ya hospitali na ana shahada mbili, alisema jipu, tena kwa sauti ya kusikika barabarani.

Lilikuja wakati mbaya kuliko wakati wote. Karakana ilikuwa imedorora, mafundi wake wawili wanashinda wakinoa misumeno isiyokata kitu, na ghafla mama mmoja mwenye hoteli mpya akataka viti vya ukumbi mzima. Huyu mama alishawahi kuletewa viti vikavunjika na wageni wakiwa juu yake. Sharti lake lilikuwa moja: atengenezewe kiti cha mfano, aje, amwone kwa macho yake Mizani akikikalia. Mizani akikipitisha, kazi ni yake. La sivyo, anavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine wa makochi, mshindani wetu.

Mizani akalikimbilia kopo. Jipu likanywea, akaanza kupiga mluzi, dawa zilizobaki akazirudisha koponi. Haukupita muda jipu likarudi, na safari hii lilikuja na ndugu zake.

Tulimpeleka hospitali nyuma ya pikapu yake, amelala kifudifudi juu ya kochi la mteja kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Majirani walipouliza, niliwajibu kwamba analishikilia kochi lisidondoke. Daktari akapasua, akatoa usaha, akapeleka kidogo maabara. Majibu yalipotoka, binti yangu alikuja nayo karakana na kumkuta baba yake mdogo amejilaza juu ya meza ya kukatia kitambaa, tumbo chini.

"Baba Mdogo, hawa bakteria wako si wa kawaida. Zile dawa zako za njano hawazijali hata kidogo."

"Mbona mwanzo zilifanya kazi?"

"Ziliua wanyonge. Wenye nguvu ukawaachia nafasi, wakazaana. Dawa ile inaua kwa kuwakamata mahali fulani pa kujengea ukuta wao wa nje. Hawa wamebadilisha pale mahali. Dawa inafika, inapapasa, haina pa kushika. Wewe ukawa unawatumia dawa nusu nusu, kama unawapa mazoezi."

"Nilikuwa nawaua kidogo kidogo!"

"Ndiyo hivyo sasa."

Mizani akageuza shingo. "Lakini mwanangu, kwa nini mwanzoni hakikuniuma? Kilikuwa kipele tu."

Hapo binti yangu akachangamka, maana ndicho alichosomea. Alisema bakteria hawa wakiwa wachache hawaanzi vita. Hujishikiza kwenye ngozi, wametulia. Kila mmoja anaachia chembe fulani kidogo, na wenzake wanaihisi, kama watu chumbani wanaohisi manukato ya wenzao. Chembe zikiwa haba, kila mtu ametulia. Zikijaa, wanajua sasa tuko wengi, na wote kwa pamoja wanabadilika: wanaacha kujishikiza, wanaanza kumwaga sumu na kuyeyusha nyama.

"Kumbe ni kama mashemeji," akasema Mizani. "Akija mmoja, mpole. Wakija kumi wanauliza nyama iko wapi."

"Mimi nipo hapa," nikamwambia.

"Sikusema wewe, Shemeji. Wewe ukiwa mmoja unatosha."

Akaandikiwa dawa nyingine, ile ambayo maabara ilionyesha inawaweza. Akaamriwa amalize zote, kidonda kifungwe bandeji safi wakati wote, na asikalie kitu mpaka kipone. Binti yangu akabandua vitambaa vyote alivyokuwa amevikalia baba yake mdogo, vikatupwa. Mizani aliviaga kama anazika.

Hazikupita siku nyingi mama wa hoteli akaingia. Kiti cha mfano kilikuwa katikati ya karakana, mafundi wawili walikimaliza peke yao. Mizani alisimama kando yake, mkono kiunoni.

"Haya Fundi, kaa."

"Leo nakipima kwa mkono, Mama."

"Kwa mkono hata mimi naweza. Kaa."

"Shemeji yangu anapenda kwanza kukitafakari," nikaingilia.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja. "Nimeambiwa huko nje viti vyenu vina ugonjwa. Nikasema ni wivu. Sasa hata mwenye viti anaviogopa?" Akashika mkoba wake, akageuka. Mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara yule mshindani alishaanza kufuta vumbi viti vyake.

"Mama!" Mizani akapaza sauti. "Nina jipu makalioni!"

Nilitamani sakafu inimeze. Mafundi wakaficha nyuso kwenye sponji. Binti yangu, bila haya, akamweleza mgeni yote, kopo na nusu dozi, na kwamba vitambaa vimeshatupwa.

Yule mama alicheka mpaka akaegemea rundo la mbao. Kisha akajifuta macho. "Nitarudi dawa ikiisha. Yote, Fundi. Na nitamuuliza huyu binti."

Kazi sasa ilikuwa ni kuzimaliza dawa. Maumivu yalipoisha, Mizani akaanza kunizungukazunguka. "Shemeji, nimepona kabisa. Tumwite leo, kabla hajabadili mawazo." Nikampa kidonge na maji. Kesho yake tena. Kila mara alikitazama kwa huruma kama mtu anayeona kitambaa kizima kinatiwa moto, lakini akameza, mpaka pakiti ikabaki tupu na daktari akasema kidonda kimefunga.

Mama wa hoteli akaja. Mizani akajishusha kwenye kiti, taratibu, akafumba macho. Akaegemea kushoto. Akaegemea kulia. Sote tukasogea karibu.

Akafumbua macho, uso umesawijika.

"Mama, siwezi kukudanganya. Kiti hiki kinainama. Mguu huu wa nyuma umekatwa mfupi. Nilikuwa nimelala, sikukipima."

Fundi aliyeukata akatazama viatu vyake. Mimi nikaona kazi imekwenda.

Yule mama akainama, akaweka kiganja sakafuni chini ya mguu ule. Vidole vyake vikapita.

"Fundi wa ng'ambo aliniambia viti vyake vyote ni sawa," akasema, akinyanyuka. "Anza na huu mguu. Viti vya ukumbi nitavifuata mwisho wa mwezi."