Hermelinda Alivyovunja Miwani Yake Mwenyewe

Miaka kumi na mmoja Hermelinda Xicale aliuza miwani ya jua kwenye uchochoro wa Santee Alley, katikati ya Los Angeles, mali ya kununua kwa wenye maghala. Yeye anachomwa na jua, wao wanakula faida wamekaa. Mwaka huu akasema basi. Akaagiza mzigo wake mwenyewe kutoka China, pea elfu sita za mitindo mitano. Akiba yake yote iko humo.

Mzigo ukafika bandari ya Long Beach, ukazuiwa.

Marekani miwani ya jua ni kifaa cha tiba, hata ile ya dola saba. Lenzi inaangushiwa gololi ya chuma, na ikipasuka haiuzwi. Kiwanda kilituma cheti, ila kilipima lenzi tupu, kabla ya kupakwa rangi. Sheria inataka lenzi iliyokamilika, vile vile atakavyoivaa mteja. Hermelinda aliona neno "imefaulu" akaridhika. Kosa lake, na hakatai. Akapewa siku kumi alete majibu ya kweli, la sivyo mzigo urudishwe au uharibiwe.

Wakala wake wa forodha, Vartan, akaja dukani na karatasi ya bei.

"Mama, kuna maabara naijua. Dola mia nne kila mtindo. Ukitaka haraka, mara mbili."

"Maabara ya nani?"

"Ya watu wazuri."

"Ya binamu yake," akadakia Chayo, wifi yake Hermelinda, mdomo umejaa tamali, ule unga wa mahindi wa kwao Meksiko uliopikwa kwa mvuke.

"Binamu wa mke wangu," Vartan akasema. "Si kitu kimoja."

"Nionyeshe palipoandikwa lazima maabara," Hermelinda akasema.

"Mama, hii si kazi ya kupanga meza uchochoroni. Ina wataalamu."

"Nionyeshe."

Hakuna palipoandikwa hivyo. Mwagizaji anaruhusiwa kupima mwenyewe, mradi afuate vipimo na atunze kumbukumbu. Watu tunaogopa karatasi ambazo hatujasoma, halafu tunamlipa anayejifanya kazisoma. Inaudhi.

Hermelinda akaenda duka la beringi, akanunua gololi ya milimita kumi na sita. Akakata kipande cha bomba la chuma cha kuwekea lenzi. Ukutani akachora alama, sentimita mia na ishirini na saba juu ya lenzi. Katoni moja ya kila mtindo ilikuwa imetangulia kwa ndege, kutoka kundi lile lile la kiwandani. Akaanza na za bluu.

Ta! Ikapasuka. Ya pili, ikapasuka. Ya tatu vile vile.

"Wifi, tumekwisha," Chayo akasema. "Mimi narudi kupika tamali."

"Kaa chini. Nisomee tena, polepole."

Chayo akasoma kanuni za kipimo kwenye simu. Kumbe lenzi haikai juu ya chuma kitupu. Chini yake inawekwa pete ya mpira, unene milimita tatu, na aina ya mpira imetajwa. Walikuwa wameruka mstari mzima.

"Ulikuwa unaharakia nini?" Hermelinda akauliza.

"Wewe ndiye uliyesema tuanze!"

Wakatafuta mpira wa aina hiyo kwenye duka la vipuri vya pampu, wakaanza upya. Za bluu, lenzi hamsini, hakuna iliyopasuka. Nyeusi, kahawia, kijivu, zote zikastahimili. Chayo akawa anacheza kila gololi inaporuka.

Wakafika za kijani, zile zenye soko, pea elfu mbili. Kati ya lenzi hamsini, saba zikapasuka. Hermelinda akakagua mpira, akapima urefu tena, akarudia na hamsini nyingine. Tisa.

Vartan alipopigiwa simu hakushangaa hata kidogo. "Mama, andika zote zimefaulu. Nani atajua?"

"Mtoto atakayepigwa mpira usoni atajua."

"Basi niletee hizo za kijani. Binamu atazipitisha."

"Kwani binamu wa mkeo anaangusha pamba?"

"Mimi sipeleki serikalini karatasi za bomba na ukuta. Nina jina langu."

"Kaa na jina lako. Nitapeleka mwenyewe."

Akaandika kurasa tano kwa mkono: tarehe, idadi, urefu, uzito wa gololi, picha ya kila kifaa. Ukurasa wa tano ukasema za kijani hazikufaulu. Ofisa wa serikali akauliza kuhusu unene wa mpira na jinsi lenzi zilivyochaguliwa, akajibiwa. Siku ya tisa mitindo minne ikaachiliwa. Ya kijani ikaamriwa iharibiwe, gharama juu yake.

Chayo alimsihi asiende kuangalia. "Utalia, wifi."

Akaenda. Katoni zikapangwa mbele ya mashine ya kusaga, na ofisa akisimamia na orodha yake. Hermelinda akafungua katoni moja, akatoa pea moja, akaivaa. Kusema kweli ilimpendeza. Akaivua, akairudisha kwenye katoni.

"Unaweza kungojea ofisini, mama," ofisa akamwambia. "Wengi hawapendi kuona."

"Ni mali yangu, nimeipima mimi," akajibu. "Washa."