Andika Upepo

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ujenzi hapa Same, mbele yangu mzee wa kutoka milimani. Ukuta wa nyumba yake mpya umeanguka.

“Shikamoo mzee. Nani alijenga?” aliuliza afisa, kalamu mkononi.

“Mkandarasi. Mkwe wangu.”

“Amesajiliwa?”

“Ana kofia ngumu na kizibao cha kung’aa.”

“Hukutafuta jina lake kwenye orodha? Hata kwenye simu ipo.”

“Nimchunguze mkwe wangu?”

“Na alipokuja kuposa, hamkumchunguza?”

Mzee akachangamka. “Ah, hapo tulishuka mpaka kwao Kihurio! Tukauliza kama ukoo una wazimu, una wezi, una wavivu. Mpaka babu yake marehemu tulimuulizia.”

Marehemu kachunguzwa. Fundi wa paa ambalo wajukuu watalala chini yake akatazamwa kofia tu.

“Basi nipe jina, tumzuie asijenge pengine.”

Mzee akatazama dirishani, miti ikiyumba. “Andika upepo.”

Na afisa, bila aibu, akaandika.

Mkwe, nasikia, sasa anajenga darasa la chekechea. Tuombe upepo utulie.