Programu ya Mgeni Ipewe Chumba Chake

Mdogo wangu, kosa langu la mwanzo lilikuwa kuyaamini macho yangu. Nilijifundisha kompyuta peke yangu hapa Dodoma, na aliyejifundisha mwenyewe hukagua, akakagua tena, akidhani kukagua ndiko usalama.

Nilitengeneza seva ndogo: mwanafunzi aliyeko Bahi au Kondoa anatuma programu yake kwa simu, kompyuta yangu inaiendesha na kumrudishia jibu. Wanafunzi hao wangefanyia humo mtihani nilioutunga, na majibu yake niliyahifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo. Nilijua programu ya mgeni yaweza kuharibu, hivyo nikaandika maneno ambayo programu ikiwa nayo haiendeshwi, orodha ndefu kama msafara wa siafu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mimi tahadhari niliigeuza orodha.

Asubuhi ya siku moja kabla ya mtihani nilimwendea Dada Mwajuma, fundi wa programu aliyenizidi umri na ujuzi.

"Shikamoo, dada. Naomba uijaribu. Haipenyeki."

"Marahaba. Haipenyeki? Haya, bwana mkubwa."

Akaandika mistari michache kwenye simu huku akitafuna karanga. Hakutumia hata neno moja nililokataza.

"Majibu ya mtihani wako ninayo hapa," akasema. "La swali la tatu umekosea."

Nikaichukua simu nikatazama: majibu yote yalikuwa humo.

"Baba yako kule Bahi akinunua mbuzi mnadani, akishamkagua meno anamwingiza zizini?" akaniuliza.

"Hapana. Anamtenga kwanza, asije akawaambukiza wengine ugonjwa."

"Kwani meno hayakutosha?"

Hakunisimanga tena. Akavuta kiti, tukashinda tukiijengea kila programu chumba chake ndani ya kompyuta: haioni faili za wenzake, haifiki mtandaoni, muda wake una kikomo, na ikimaliza chumba kinafutwa. Kisha, na kwa hili namheshimu mpaka leo, akageuka kuishambulia kazi yake mwenyewe. Alipopata ufa alishangilia kama aliyeokota dhahabu. Mimi ningeuficha.

Siku ya mtihani, programu ya mwanafunzi mmoja ilijirudiarudia bila kukoma. Muda wake ulipokwisha, chumba chake kikajifunga chenyewe. Wenzake wakaendelea kuandika, hawakujua lolote.

Basi, mdogo wangu, usijenge ukitegemea kwamba hutakosea. Jenga ili siku ukikosea madhara yawe madogo. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, kwa hiyo mtafute mwingine aipige. Mungu akujalie rafiki wa kuivunja kazi yako kabla adui hajaifikia.

Mimi wasiwasi ninao bado. Ila ile orodha niliifuta, na siku hizi kazi yangu naionyesha ingali mbichi.