Divai Niliyoikomaza Juu ya Jiko

Wewe unayependa divai, sogea karibu nikueleze, maana bado nina hasira na aliyenikasirisha ni mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kuonja chai kiwandani, kwa hiyo nyumbani Kapsoit mimi ndiye mwalimu wa kila kinachonyweka. Miaka saba iliyopita nilinunua chupa tatu za divai nyekundu ya bei nafuu, nikazisimamisha kwenye rafu juu ya jiko, karibu na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Maziwa yakilala pale hutoka matamu. Mbona divai isikomae?

Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yangu Chebet walikuja kutoka Ndanai kuzungumza mambo ya ndoa. Nilitaka sana watuheshimu. Nikawamiminia, nikawaeleza taratibu: "Ule ukali mtakaousikia ndio umri wenyewe. Msimeze haraka."

Baba wa kijana akanywa, akafumba macho. Mama yake akaonja kidogo, akaweka glasi chini.

"Baba Chebet, wewe umeionja?"

Sikuwa nimeionja. Mwonjaji mzima, nilikuwa nashughulika kueleza!

"Basi onja."

Nikaonja, nikatema kwenye sahani mbele ya wakwe. Mama wa kijana akavuta bakuli la kachumbari, akaimwagia glasi yake yote.

"Siki nzuri hii. Iko ingine?"

Divai nyekundu ya bei nafuu inywe ndani ya miaka miwili au mitatu, iweke mbali na jiko, na uionje kabla wageni hawajafika.