Nyumba ya Colque Imetoa Mtu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mawii alikuwa katika mwezi wake wa saba mjini Cochabamba, nchini Bolivia, na hakuna aliyempa hata mpini. Kila asubuhi aliteremka kilima cha Alto Molle hadi shule ya lugha, akaketi pamoja na wamisionari wenzake, akafundishwa kumwambia mhudumu wa hoteli kwamba chumba chake hakina taulo. Tangu azaliwe hajawahi kulala hotelini.

Kwao ni Aizawl, mji wa vilima huko Mizoram, mpakani kabisa mwa India. Akina mama wa kanisa la kwao, kila wapikapo, huchota konzi moja ya mchele na kuiweka kando kwa ajili ya injili. Mchele ule huuzwa, na fedha zake ndizo zilizomvusha Mawii bahari. Siku ya kuagana mama yake hakulia. Alimwambia tu, "Ukishiba huko, kumbuka kuna vyungu vilivyopungua konzi."

Misheni iliyompokea Bolivia ilikuwa ya Wamarekani. Ndiyo iliyosimamia kibali chake cha kuishi nchini, ndiyo yenye shule, na ndiyo yenye sheria: mwaka wa kwanza ni wa kujifunza tu. Usihubiri, usifundishe, usijiingize. Mkuu wake, Mchungaji Brandvold, mzee mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto, alikuwa na msemo wake: "Kwanza ulimi, dada, kisha miguu."

Ulimi wenyewe Mawii aliupata jikoni. Alipanga chumba kwa Doña Primitiva Colque, mjane aliyeuza api, uji mwepesi wa mahindi ya zambarau unaonukia mdalasini na karafuu. Kabla jua halijachomoza walikuwa wote wawili juu ya sufuria.

"Koroga, mwanangu!"

"Nakoroga, mama."

"Unapapasa. Mahindi hayo hayaumwi tumbo!"

Basi ikawa hivyo mpaka halmashauri ya jiji ilipotangaza kwamba kisima cha Alto Molle sasa ni mali ya jiji. Kisima hicho wakazi walikichimba wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakatandaza na mabomba, wakati jiji halikutaka hata kujua jina la kilima chao. Wakakutana uwanja wa mpira. Uamuzi ukawa mmoja: barabara kuu inafungwa mpaka halmashauri irudi nyuma. Kila nyumba itoe mtu, kila siku. Nyumba isiyotoa mtu, bomba lake linafungwa mwaka mzima. Hakuna aliyenung'unika.

Doña Primitiva alirudi kutoka mkutanoni akichechemea. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama kiazi, na mwanawe wa pekee alikuwa Chile, kwenye kazi za ujenzi. Api bila maji ni unga tu.

"Nitakwenda na kiti changu," alisema.

"Na polisi wakija, kiti kitakimbia?" Mawii akauliza. "Nakwenda mimi."

"Wewe? Wewe ni dada wa kanisa. Ni mgeni."

"Kwetu mpiga mbiu akipita jioni, kila nyumba hutoa mtu. Kuchimba kaburi, kutengeneza njia, kubeba mgonjwa. Hawaulizi nani mgeni. Wanauliza nani analala humo ndani."

Aliyasema hayo kwa Kihispania kilichochechemea kuliko goti la mwenye nyumba, lakini kilifika. Doña Primitiva alimtazama, kisha akavua kofia yake ya mabua na kumvika. "Basi usiniaibishe. Mawe makubwa usinyanyue kwa mgongo."

Kule barabarani mawe yalikuwa yamepangwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake matawi ya mikaratusi na matairi. Mwenyekiti, don Severo, alimpokea kwa kutikisa kichwa tu. Aliyempokea kwa mdomo ni Doña Casilda, muuza viazi, mwanamke ambaye hata mbwa wa mtaa walimpisha.

"Ala! Colque kaleta malaika! Haya, malaika, tafuna majani ya koka, siku ni ndefu."

"Asante, mama. Mimi natafuna vitenzi. Tangu Februari, na bado ni vigumu."

Wanawake wakaangua kicheko. Mchana, wakimenya viazi vya chungu cha wote, aliwapa na ile sentensi ya taulo. Casilda aliitaka tena na tena. Akawa akikutana na dereva mkali anaimwaga: "Samahani bwana, chumba changu hakina taulo!"

Siku ziliendelea hivyo. Mawii aliachana na kiti cha plastiki cha shule ya lugha. Viganja vilimchubuka, pua ikababuka kwa jua, na Kihispania kikaanza kumtoka bila kubisha hodi kwanza.

Kisha gari jeupe la misheni likapanda kilima na kusimama mbele ya mawe. Mchungaji Brandvold akashuka.

"Dada Mawii," alisema kwa Kiingereza, taratibu, "ingia garini."

Mawii alimwamkia kwa heshima. Kisha akamjibu kwa Kihispania, wasikie wote. "Siwezi, mchungaji. Zamu yangu haijaisha."

"Umekuja kuhubiri, hukuja kupanga mawe."

"Kuhubiri mmenikataza."

"Sema naye, malaika!" akadakia Casilda.

Mchungaji naye akahamia Kihispania. Alikizungumza vizuri mno, kama maji ya bomba. "Bado hujaijua lugha ya kutosha kuyaelewa mambo ya watu hawa. Ukiijua, utaona kwamba kila upande una sababu zake."

"Wewe una miaka mingi hapa," Mawii alisema. "Lugha unayo yote. Umesema nini kuhusu kisima?"

Mchungaji akapangusa paji la uso kwa kiganja. Mahali fulani kifuniko cha chungu kiligongwa na mvuke.

"Mpeni mchungaji taulo," Casilda akasema polepole, "anatoka jasho."

Uso wa Brandvold ukaiva. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya kubembeleza watoto. "Kibali chako kinaisha mwezi ujao. Barua ya kukiongeza iko mezani kwangu. Usipoingia garini sasa hivi, sitaitia sahihi, na kanisa la kwenu nitalieleza kwa nini."

Hapo Mawii alikumbuka maneno ya mama yake. Aliviona vile vyungu. Konzi kwa konzi, mikono ya wanawake wenye watoto wasioshiba, na yeye akirudishwa kwao kama mzigo uliokataliwa bandarini. Lakini aliiona na mikono yenyewe. Mbiu ilipopigwa kwao, mikono ile ile ndiyo iliyotangulia kushika sepetu. Mchele ule haukutengwa ili mtoto wao akae ndani ya gari akitazama jirani yake akinyang'anywa maji.

"Basi usiitie sahihi," alisema. "Na ukiwaandikia, waeleze yote. Waambie kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu, na mimi nilikwenda. Watakujibu."

Mchungaji alimtazama don Severo, kama mwanamume anayetafuta mwanamume mwenzake. "Angalau nipisheni, nigeuzie gari kule mbele."

"Hapiti mtu ila mgonjwa na maiti," don Severo akajibu. "Mchungaji ni yupi kati ya hao?"

Ikabidi gari lirudi kinyumenyume. Casilda mwenyewe alimwongoza, akipunga aproni yake kwa adabu zote: "Njoo, njoo, kushoto, baba, kuna jiwe! Mungu akubariki!"

Vumbi lilipotulia, hakuna aliyecheka. Don Severo alikuja akasimama kando ya Mawii.

"Barua hata sisi tunaweza kuandika. Mtaa nao una muhuri wake," alisema. "Mdogo. Sijui kama uhamiaji watautazama."

"Hata mimi sijui."

"Tutakwenda nawe, sote. Watatazama wasitazame, ofisi yao ina mlango mmoja tu." Akageuka, akayatazama mawe, kisha akapanda juu ya tairi. Ilikuwa saa ya kuita nyumba.

"Apaza!"

"Yupo!"

"Mamani wa juu!"

"Yupo!"

"Colque!"

"Yupo," alisema Mawii kwa sauti ya chini.

"Sauti, malaika!" Casilda akafoka. "Halmashauri haijasikia!"

Mawii akavuta pumzi, akaita tena, na safari hii mbwa wa kilima kizima wakabweka.