Siku Nilipoanika Betri za Kiti Changu

Aibu hii ningependa kuzikwa nayo, lakini soko lote la Kathonzweni linaijua, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi.

Mimi natembea kwa kiti cha magurudumu, kile cha betri. Kabla sijakipata, mama alikuwa ananisukuma hadi shule kwa kiti cha kawaida kisha anarudi shambani mbio kama ameiba kitu. Kilipokuja nilimwambia, "Mama, umestaafu."

Sasa, Ijumaa stima ikapotea, chaji ikabaki mstari mmoja, na Jumapili nilikuwa nisome Neno mbele ya kanisa. Jumamosi nikamkuta Susu, nyanya yangu, ameanika mawe ya redio, zile betri ndogo, juu ya mabati kando ya mbaazi (kwetu hakuna anayetupa mawe kabla hayajapigwa jua mara tatu), nikamuuliza, "Susu, hata betri za kiti zinaweza kufufuka hivyo?"

"Kwani ziko tofauti gani? Ila zako ni kubwa, ziache hapo sana."

Basi mimi, mtu wa kidato cha tatu, mwenye daftari la fizikia lililojaa michoro ya sura za walimu, nikashuka chini, nikazifungua zote mbili, nikazianika tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Zikavimba kama maandazi. Mwenye akili angeishia hapo, lakini jioni stima ikarudi, nikazishindilia ndani, kifuniko kikakataa kufunga, nikakikaza na kamba ya katani, nikachomeka chaji kando ya kitanda na kulala fofofo.

Kanisani nikaanza kupanda ule mteremko wa simiti wa kwenda mimbarini ambao wazee walinijengea. Nusu ya njia kiti kikazima, na harufu ya yai bovu ikapanda moja kwa moja kutoka chini ya makalio yangu. Mke wa pasta akafungua madirisha bila kuniangalia, na mzee mmoja akasema kwa upole, tena kwa maikrofoni, "Mtoto akiumwa na tumbo asione haya, atolewe nje."

"Si mimi, ni betri," nikasema, na hakuna aliyeamini mpaka moshi ulipoanza kutoka. Wanaume wanne wakanibeba kama gunia, kiti wakakiburuta mpaka uwanjani.

Fundi alikuja kesho yake akashika kichwa. "Hizi zikipata joto zinaharibika. Zikishavimba hazitiwi chaji, hazishindiliwi, haziguswi. Na ulilala chumba kimoja nazo?"

Mpya zitaagizwa, zitafika lini hajui. Zikija zitakaa kivulini, na chaji nitaitia mchana, macho wazi, ujuaji wangu wote nikiwa nimeuweka kando. Hiyo nimeapa.

Lakini bado hazijaja. Jumanne asubuhi mama alitoa kile kiti cha zamani nyuma ya ghala, akakipangusa vumbi kwa leso yake, akanikalisha. Tulipofika kilimani nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Shika mkoba vizuri," akasema, na akaendelea kusukuma.